Safari ya Mawe: Mombasa Hata Taru

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara huitazama minazi, wala hayaangalii mawe. Mwezi uliopita mimi niliyaangalia, kwa sababu mjomba wangu wa Miritini alipoteza fedha zake zote katika kisima.

Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe. Viumbe wadogo wa baharini walijijengea nyumba za chokaa, wakafa, na wengine wakajenga juu yao. Hayo yalikuwa yapata miaka 125,000 iliyopita. Juu ya mwamba huo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Ukivuka Makupa na kufika Changamwe na Miritini, mwamba ni wa tope. Tope hilo lilitua polepole chini ya bahari, likalemewa na tope jingine, maji yakakamuliwa, likawa jiwe. Ndani yake yamo makombe yaliyoviringika kama pembe za kondoo, ya viumbe waliokwisha kutoweka duniani. Umri wake wakaribia miaka milioni 150.

Tabaka hizi zimeinama kuelekea baharini. Kwa hiyo kadiri uendavyo bara wakanyaga mwamba wa zamani zaidi. Mazeras ni mchanga ulioshikamana, na ndani yake huonekana magogo yaliyogeuka jiwe. Taru punje ni kubwa, kama changarawe.

Basi wataalamu hugawa mawe ya namna hii mafungu matatu. La kwanza ni yaliyotokana na vipande vya mawe mengine, nayo hupangwa kwa ukubwa wa punje: changarawe, mchanga, tope. La pili ni yaliyotokana na viumbe, kama matumbawe. La tatu ni yaliyobaki maji yalipokauka, kama magadi ya Ziwa Magadi.

Mjomba alichimba futi 40, akapata maji haba, tena ya chumvi. Akasema amerogwa. La, hakurogwa: punje za tope zimebanana mno, maji hayapati njia. Mchanga huacha nafasi kati ya punje, ingawa nao pengine hutoa maji ya chumvi.

Nami nimenunua shamba dogo upande wa Mazeras. Kabla sijamlipa mchimbaji hata shilingi moja, nitamwita kwanza mtu ajuaye mawe. Ndugu msomaji, nawe fanya hivyo.