Kikao cha Mashujaa na Kazi ya Vikundi Darasani

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii huandikwa ubaoni, hukaririwa na watoto wa darasa la pili, na hutolewa mifano ya kulima na ya kujenga. Kisha mwalimu huendelea na somo lake mbele ya watoto sitini, kila mmoja wao akiwa peke yake na daftari lake. Kuusifu ushirikiano ni rahisi. Kuupanga ndiyo kazi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyojifunza habari ya kuupanga mahali ambapo wakufunzi wengi wasingetazamia, yaani katika majarida ya zamani ya katuni ya Kimarekani, hasa yale yaliyokusanya mashujaa wa makundi mawili katika hadithi moja.

Sisi tulizaliwa wakati bora wa hadithi hizo ulipokuwa umekwisha pita. Tulizisoma katika nakala kuukuu, zilizopauka rangi na kupoteza majalada, zilizouzwa pamoja na vitabu vya mitumba. Na mara nyingi tulipata sehemu ya pili bila ya kuiona ya kwanza. Hata hivyo tunazitamani mpaka leo. Mtu mzima anapotamani kitu cha utotoni mwake, yafaa ajiulize anatamani nini hasa: je, ni utoto wenyewe, au ni wema fulani uliokuwamo katika kitu kile? Kwa upande wetu tunaamini kwamba wema ulikuwamo, na kwamba waweza kuelezwa, na hata kutumiwa darasani.

Asili ya hadithi hizi

Katika majira ya baridi ya 1940–41 jarida liitwalo All-Star Comics, toleo lake la 3, liliwaketisha meza moja mashujaa wanane ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na hadithi zake. Kundi lao liliitwa Justice Society of America. Hapa tutaliita Chama. Walikuwamo Flash mwenye mbio zisizo kifani, Green Lantern mwenye pete ya ajabu, Hawkman mwenye mbawa, Doctor Fate bingwa wa uchawi, na wengineo. Mwandishi alikuwa Gardner Fox. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika toleo lile la kwanza mashujaa hawakufanya kazi yoyote pamoja: walikaa tu, kila mmoja akasimulia kisa chake. Toleo lililofuata ndilo lililowapa kazi moja, na hapo ukaanza mpango ambao Fox aliutumia kwa miaka mingi. Kwanza kulikuwa na kikao. Kisha wakagawana kazi. Kila mmoja akapewa sura yake. Na mwisho wote wakakutana tena kuunganisha waliyoyapata.

Mwaka 1951 hadithi za Chama zilikoma, na jarida likageuzwa kuwa la visa vya wachunga ng'ombe. Mwaka 1960 Fox na mhariri Julius Schwartz walianzisha kundi jipya, Justice League of America, tutakalolita Ligi, lenye Superman, Batman, Wonder Woman, Aquaman, Flash mpya, Green Lantern mpya, na mgeni kutoka sayari ya Mirihi. Septemba 1961, katika jarida la The Flash namba 123, Flash mpya alivuka mpaka wa dunia yake akaingia katika dunia nyingine, akamkuta huko Flash wa zamani, ambaye yeye alipokuwa mtoto alimsoma katika katuni na kudhani kuwa ni wa kubuniwa. Kutoka hapo njia ikafunguka. Agosti na Septemba 1963, katika namba 21 na 22 za jarida la Ligi, vijana wa dunia ya kwanza walikutana na wazee wa dunia ya pili. Wasomaji walifurahi mno, na mkutano huo ukawa desturi ya kila mwaka mpaka 1985.

Yafaa wanachuo wajue kwamba miongoni mwa wapenzi wa kwanza wa hadithi hizi walikuwamo walimu. Jerry Bails, aliyefundisha chuo kikuu mjini Detroit, alianzisha mwaka 1961 jarida dogo la wapenzi wa katuni lililoitwa Alter Ego. Mwenzake Roy Thomas alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari huko Missouri kabla ya kwenda New York mwaka 1965 na kuwa mwandishi mashuhuri wa katuni. Sisi hatuoni ajabu. Mwalimu azoeaye kuandaa masomo huutambua mpango mzuri aukutapo.

Mpango wa hadithi na mpango wa somo

Jambo la kwanza tunalojifunza ni kwamba tatizo lazima limzidi mtu mmoja. Katika hadithi ya 1963 walikuwako wahalifu sita, watatu wa kila dunia, waliogundua njia ya kuvuka. Kila upande ulipata kimbilio kwa mwenzake, na Ligi peke yake haikuweza kuwafuata. Ndipo vijana wakatumia tufe la kioo la mchawi Merlin kuwaita wazee. Hawakuwaita kwa sababu ushirikiano ni jambo jema. Waliwaita kwa sababu bila wao kazi isingewezekana.

Sasa tuangalie somo moja tulilolishuhudia wakati wa mazoezi ya kufundisha. Watoto wanane waliwekwa pamoja, wakapewa hesabu kumi za kujumlisha. Mtoto mmoja mwepesi akazifanya zote kwa dakika chache, wawili wakanakili, watano wakatazama dirishani. Katika andalio la somo iliandikwa "kazi ya vikundi". Kwa kweli ilikuwa kazi ya mtoto mmoja mbele ya mashahidi saba. Laiti watoto wale wangaliambiwa wapime kiwanja cha shule na kuchora ramani yake, mmoja angaliishika kamba huku na mwingine kule, wa tatu angalihesabu, wa nne angaliandika, na wa tano angalihakikisha, wala hapana ambaye angaliweza kuimaliza kazi peke yake.

Jambo la pili ni kwamba kila mwanachama awe na nafasi isiyoweza kujazwa na mwingine. Waandishi wa kale walikuwa na tatizo la Superman. Mtu awezaye kuruka, kubeba milima na kuona kupitia ukutani akiwapo, wengine watafanya nini? Katika Chama, Superman na Batman walikuwa wanachama wa heshima tu, wakaonekana kwa nadra. Na katika hadithi za kwanza za Ligi pia sehemu yao ilikuwa ndogo. Manufaa yake ni kwamba wengine walipata uwanja. Tena kila shujaa alipewa udhaifu. Pete ya Green Lantern mpya haikufaa kitu mbele ya rangi ya njano, na ile ya mzee wake ilishindwa na mti. Kwa hiyo aliposhindwa mmoja, mwenzake aliweza kusaidia. Kila darasa lina Superman wake. Si haki kumnyamazisha, lakini si haki pia kumwachia kazi yote. Mwalimu mwenye busara humpa jukumu lake maalumu, na humpa mwenye mkono mzuri wa kuchora jukumu ambalo yule mwepesi wa hesabu hawezi kumpokonya.

Jambo la tatu ni chungu kidogo, nasi tunalitaja kwa sababu mapenzi yasitufumbe macho. Mwaka 1942 Wonder Woman, mwanamke mwenye nguvu kuwapita wengi wa wanaume wale, alikaribishwa katika Chama, akapewa kazi ya ukarani. Wenzake walipokwenda kupambana, mara nyingi yeye alibaki kutunza kumbukumbu. Msomaji wa leo hucheka. Lakini asicheke upesi. Katika darasa moja tulilolitembelea tulihesabu vikundi saba. Katika sita kati yake karani alikuwa msichana na msemaji alikuwa mvulana, na hakuna aliyekuwa ameamuru iwe hivyo. Mwalimu aliwaambia watoto wagawane kazi wenyewe, nao wakagawana kama walivyoona nyumbani, ambako msichana huteka maji na mvulana hutumwa kuzungumza na wageni. Ligi ya 1960 ilimpa Wonder Woman uanachama kamili tangu mwanzo. Sisi tusingoje miaka kumi na minane. Majukumu ya kikundi na yazunguke kila juma, na orodha yake ibandikwe ukutani ili kila mtoto ajue zamu yake ya kuandika na zamu yake ya kusema.

Jambo la nne linahusu mgeni. Tumesema kwamba mara nyingi tulisoma sehemu ya pili bila ya kuiona ya kwanza, na bado tulielewa. Haikuwa bahati. Waandishi wa wakati ule walijua kwamba kila toleo huenda likawa la kwanza kwa msomaji fulani. Kwa hiyo ukurasa wa mwanzo ulieleza kwa ufupi yaliyotangulia, na kila shujaa alitambulishwa upya kwa jina lake na kwa tendo moja lililoonyesha uwezo wake. Msomaji wa zamani hakuchoshwa, na mgeni hakuachwa nje. Katika kila somo yuko mtoto ambaye jana hakuwapo: alikuwa mgonjwa, au alilea mdogo wake, au alikuwa shambani msimu wa mavuno. Dakika tatu za mwanzo wa kipindi ni zake.

Jambo la tano ni kikao cha mwisho. Hadithi haikuisha pale kila shujaa alipomaliza sehemu yake. Iliisha wote walipokutana na vipande vyao vikaungana. Masomo mengi ya vikundi hufa hapa. Kengele hugonga, madaftari hufungwa, na walichokipata watoto wa kikundi cha nne hakitajulikana kamwe na wale wa kikundi cha pili. Kama kipindi ni cha dakika arobaini, kumi za mwisho zitengwe kwa kukusanya. Bila ya hizo kumi, zile thelathini zimepotea.

Kwa nini twazikumbuka kwa huzuni

Mkutano wa Chama na Ligi ulikuwa mara moja kwa mwaka, na subira ilikuwa nusu ya utamu wake. Wengine walingoja zaidi. DC na Marvel, makampuni mawili yanayoshindana, yalikubaliana mwaka 1976 kuwakutanisha Superman na Spider-Man katika kitabu kimoja. Mpango wa kuikutanisha Ligi na Avengers, kundi la Marvel, ulianza mwaka 1979, ukavunjika kwa sababu ya kutoelewana kwa makampuni, na hadithi hiyo haikutoka mpaka 2003, ikiandikwa na Kurt Busiek na kuchorwa na George Pérez. Mwaka 2022, Pérez alipokuwa mgonjwa sana, ilichapishwa tena nakala 7,000 kwa ajili ya shirika linalowasaidia wasanii wa katuni wenye shida. Alifariki Mei mwaka huohuo.

Ni Pérez huyohuyo aliyechora, pamoja na mwandishi Marv Wolfman, hadithi ya 1985–86 iliyoitwa Crisis on Infinite Earths, ambamo dunia nyingi ziliunganishwa kuwa moja. Michoro yake ni ya ajabu, na mashujaa ni umati. Lakini katika umati si wote waliopata kazi, na dunia zilipokuwa moja hapakuwa tena na mpaka wa kuvukwa wala wazee wa upande wa pili wa kuitwa. Tangu hapo hadithi za makundi zimekuwa nyingi, zikitawanywa katika majarida kadhaa, na mara nyingi mgeni hukosa pa kuingilia. Kinachotusikitisha si kwamba mashujaa wanakutana. Ni kwamba wanakutana bila ya haja. Nalo ni onyo kwa mwalimu atakaye kuweka vikundi katika kila kipindi kwa kuwa mkaguzi hupenda kuviona.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba katuni ni upuuzi, tena ni za kigeni, na kwamba matatizo yake humalizwa kwa ngumi. Hili la ngumi ni kweli, nasi hatumshauri mtu kulipeleka darasani. Wala hatumtaki mwanachuo azitafute nakala hizo ambazo ni adimu na zimeandikwa kwa Kiingereza. Tunachomtaka auchukue ni mpango.

Basi ndugu wanachuo, kabla hamjaandika "kazi ya vikundi" katika andalio la somo, jiulizeni maswali matano. Je, kazi hii yamzidi mtoto mmoja? Je, kila mtoto ana sehemu ambayo pasipo yeye itapwaya? Je, nani amewekwa karani, na kwa nini ni yeye tena? Je, aliyekosa jana ataweza kuingia? Je, nimetenga muda wa kuleta vipande pamoja? Jibu likiwa ni hapana kwa lolote kati ya yale mengine, au mkikosa sababu njema kwa lile la karani, afadhali mfundishe darasa zima kwa siku hiyo, mkangoje kazi inayostahili kikao.