Ni Nani Aliyekusimulia?



Jumamosi moja baada ya swala ya adhuhuri, katika madrasa ninayosomesha hapa Pumwani, Nairobi, watoto wawili walishikana kanzu wakaangushana juu ya mikeka. Wote wawili wako gredi ya sita, wanahifadhi juzuu moja, na milango ya nyumba zao inatazamana. Nilipowatenganisha niliuliza kisa. Mmoja alikuwa akilia, mwenziwe alimwambia mbele ya darasa zima: "Babu ya babako alivaa gunia."

Wengine walicheka bila ya kujua wanachekea nini. Mimi nilijua, na moyo wangu ukashituka.

Kwa msomaji wa Lamu, Mombasa au Malindi huenda neno hilo halina uzito. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya serikali ya kikoloni yaliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Eastlands ilifungwa, watu wakatolewa majumbani, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kutoka kichwani, yametobolewa matundu ya macho tu. Aliyemo ndani ya gunia akitikisa kichwa, aliyepita huhesabiwa kuwa mfuasi wa Mau Mau. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini bila ya kusikilizwa na hakimu. Basi kumwambia mtu kwamba mzee wake alivaa gunia ni kumwambia kwamba aliwauza jirani zake.

Ugomvi ule ulianza na kazi ya shule. Mwalimu wao wa somo la jamii aliwaambia wawaulize wazee nyumbani mambo ya enzi za ukoloni. Ni kazi njema. Sisi tulisomeshwa historia hiyo kama orodha ya miaka: reli kuanza kujengwa Mombasa 1896, kufika Nairobi 1899, nchi kufanywa koloni 1920. Tuliihifadhi, tukaiandika siku ya mtihani, tukaisahau. Mtoto anayepanda matatu ya Kariokor kila siku hajui kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba maelfu yao hawakurudi kwao. Kuwauliza wazee ni kuitoa historia kitabuni na kuirejesha mtaani. Lakini safari hii mtoto alirejea shule na hasama iliyopita miaka sabini.

Nilimkalisha kando, nikamwuliza: "Ni nani aliyekusimulia?"

"Baba."

"Naye babako alisimuliwa na nani?"

"Sijui, Maalim."

"Alikuwapo siku hiyo?"

"Hapana. Alikuwa hajazaliwa."

Katika elimu ya Hadithi sisi hatuipokei riwaya mpaka tujue aliyeipokea ni nani, aliipokea kwa nani, na kama walikutana. Wanavyuoni wetu walisafiri miezi kwa ajili ya mnyororo wa hadithi moja. Na Qur'ani, katika Suratul Hujurat, imetuamuru tuihakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, isije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Nikaona kanuni hiyo ninaisomesha kila wiki, na sijapata hata siku moja kuwaambia watoto kwamba inahusu pia habari za babu zao. Nikawapa sharti: Jumamosi ijayo, kila mmoja alete habari moja ya enzi za ukoloni pamoja na mnyororo wake.

Jumamosi hiyo nilimwalika bibi mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa na umri wa miaka tisa mwaka ule wa msako. Watoto walimwamkia shikamoo, akawaitikia, akakaa kwenye kiti cha mbele na mkoba wake mapajani.

Alisema ilikuwa Shaabani, zimebaki kama siku kumi kabla ya Ramadhani. Babake, mtu wa pwani, alitolewa nje pamoja na jirani yao Mkikuyu. Askari alitazama karatasi za babake, akaitazama kofia yake, akamwachia. Jirani akabaki chini, mikono kichwani. "Baba alikuwa anamjua mtu yule vizuri," alisema. "Walikuwa wakikopeshana unga. Angeweza kusema neno. Hakusema. Aliogopa." Mamake aliwachukua watoto wawili wa jirani, wakafunga na kufuturu nao Ramadhani nzima. Babake kila magharibi alikuwa akiwapa wao tende kwanza, na hakuwahi kuwatazama usoni.

Mtoto aliyetusiwa akauliza, kwa sauti ndogo, kama bibi aliwaona watu wa magunia.

"Niliwaona, mwanangu. Niliona macho. Uso sikuuona, wala hakuna aliyeuona. Ndiyo maana walifunikwa. Anayesema alimjua mmoja wao, mwulize alimjua kwa nini."

Hapo mwenziwe aliinamisha kichwa. Nami nilidhani somo limekwisha, nikanyoosha mkono kufunga daftari. Yeye huyohuyo akainua uso akaniuliza: "Na wewe, Maalim? Babu yako alikuwa nani wakati wa ukoloni?"

Wasomaji wangu, nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa na jibu rahisi. Ningewataja mashujaa wetu wa pwani: Mbaruk bin Rashid Mazrui aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896, au Mekatilili wa Menza aliyewainua Wagiriama 1913. Ni habari za kweli, na watoto wazijue. Lakini sikuulizwa hayo. Niliulizwa babu yangu.

Nikawaambia. Babu ya babangu alikuwa na shamba la minazi, na waliolilima hawakuwa vibarua, walikuwa watumwa. Mnyororo wangu ni huu: nyanyangu alinisimulia mwenyewe, naye aliwakuta wazee wawili waliobaki shambani, nao ndio waliomsimulia. Serikali ya Waingereza iliuondoa utumwa katika sheria ya pwani yetu mwaka 1907, na sheria hiyo ikaweka fidia. Fidia ilikuwa ya mabwana waliopoteza watumwa. Waliotumikishwa hawakuwekewa kitu.

"Wale wazee wawili walipata nini?" mtoto akauliza.

"Walipata kubaki palepale, katika shamba la mtu."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. Darasa lilikuwa kimya kuliko siku ya mtihani.

Wiki hiyo mama mmoja alinijia baada ya alasiri. Alisema kwa adabu: "Sheikh, aibu ya Muislamu husitiriwa. Kwa nini unawafunulia watoto?" Neno lake si la kupuuzwa, na nililala nalo. Nilichokiona ni hiki. Dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake, tumeamrishwa tuifunike. Na jambo lisilothibiti, kama la aliyemo ndani ya gunia, hatuna ruhusa hata ya kulinong'ona, kwani ni dhana na ni kumvunjia mtu heshima. Lakini dhulma iliyothibiti, aliyofanyiwa mtu mwingine, hiyo ina mwenyewe. Tukiificha hatujamsitiri Muislamu. Tumemnyima aliyedhulumiwa shahidi wake. Suratun Nisaa imetutaka tuwe mashahidi wa uadilifu, ijapokuwa ushahidi wenyewe ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Historia tunayoisomesha watoto ni ushahidi. Tukiwasomesha dhulma ya Mwingereza peke yake, tumesema kweli nusu. Na mtoto aliyelelewa kwa nusu ya kweli siku moja ataijua nusu ya pili kwa mtu asiyemtakia heri.

Nyinyi wa pwani mtakaokuja huku likizo, mtapita Mackinnon Road. Wengi wetu tumesimama pale kuswali katika msikiti ulio kando ya reli na kumwombea dua Sayyid Baghali Shah. Mbele zaidi mtapita Manyani. Huko kote ndiko walikopelekwa watu waliokamatwa Nairobi mwaka ule, akiwamo jirani wa bibi yetu. Waonyesheni watoto dirishani. Na mkiwa bado na mzee nyumbani, kaeni naye wiki hii, mumwulize aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia, na kwa nani. Mtoto aandike, na jina la msimulizi liwe juu ya ukurasa.

Watoto wangu wawili bado hawachezi pamoja kama zamani, na baba wa mmoja wao hajaitika wito wangu tuzungumze. Lakini nimeliona daftari la shule la yule aliyetusi. Ameandika habari ya msako kama alivyoisikia kwa bibi, na jina la bibi juu. Chini yake ameandika kwa mkono wake: "Aliyekuwa ndani ya gunia hajulikani."

Wabillahi tawfiq.