Siku ya mpira iandikwe katika daftari ya nyumba



Hapa Lubumbashi mpira unaingia hadi jikoni. Kuna nyumba ambamo baba ni wa TP Mazembe na mama ni wa Saint-Éloi Lupopo, na siku timu hizo mbili zinakutana, hata bukari inaliwa kimya. Leo sisemi timu gani ni kubwa. Nataka tuzungumze juu ya feza, kwa sababu katika mikutano yetu neno moja linarudi kila mara: baba ameenda kwenye mpira na feza ya nyumba. Na wababa wanajibu: tiketi ni kitu kidogo!

Kwetu pia maneno hayo yalikuwa yanarudi kila mwezi. Baba ya watoto alisema ukweli, tiketi ilikuwa kidogo. Na mimi nilisema ukweli, feza ilikuwa inakwisha. Basi tulikamata daftari, tukaandika siku moja nzima ya mpira, tangu kutoka nyumbani hadi kurudi. Tiketi franga 5.000. Taksi-basi toka Ruashi hadi Kamalondo, kwenda na kurudi, 4.000. Maji na karanga 2.500. Kinywaji na marafiki baada ya mechi 8.000. Jumla 19.500. Tiketi ilikuwa karibu robo tu. Robo tatu zilijificha nyuma yake.

Mechi mbili kwa mwezi ni 39.000. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na binti yetu mkubwa yuko sekondari. Tulipotazama ile 39.000 tuliona mara moja ni feza gani: ndiyo inayokosekana kila tunapotaka kuweka pembeni minervali yake.

Baba ya watoto akasema neno ambalo wengi wenu mnalijua: "Tusipoenda sisi masupota, timu itaishi na nini?" Hilo nalo tulilifanyia hesabu. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, unaingiza watu karibu 18.500. Ukijaa wote, na kila mtu akilipa dola 2, ni dola 37.000. Feza hiyo inaonekana nyingi, lakini ndani yake kuna walinzi, wafanyakazi wa mlangoni, usafi, umeme na mengine. Tena uwanja haujai kila siku.

Sasa linganisha. Mwezi wa Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe walishinda AS FAR 1-0 kule Maroko na kuchukua kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake. Zawadi ya CAF kwa mshindi ilikuwa dola 600.000. Kupata hesabu hiyo kwa tiketi za dola 2, ule uwanja ungepaswa kujaa zaidi ya mara 16. Klabu inapata pia feza ya wafadhili, na ya kuuza wachezaji, kama Mbwana Samatta wa Tanzania, aliyetoka Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji mwezi wa Januari 2016. Tiketi inasaidia, ndiyo. Lakini timu haifi kwa sababu baba mmoja wa Ruashi amebaki nyumbani siku moja ya Mungu. Kwenda kwenye mpira ni furaha, si deni. Na furaha ina nafasi yake katika budjeti, ila nayo inapaswa kuandikwa.

Ile zawadi kubwa ililetwa na wasichana. Lakini katika nyumba nyingi, feza ya tiketi inatolewa kwa baba na kwa watoto wanaume, na binti anabaki kuosha sahani. Sisi tulipanga hivi: tunaenda mara moja kila miezi miwili, watu wanne, na binti zetu wawili ndani. Tiketi 20.000, usafiri 16.000, maji 3.000. Tunakula nyumbani kabla ya kutoka. Jumla ni 39.000 ileile, na 39.000 nyingine ya ile miezi miwili inaenda kwenye minervali.

Haikuwa rahisi. Mechi ya Mazembe na Lupopo ilianguka katika mwezi ambao si wetu, na baba ya watoto akaifuata kwa redio ya jirani na uso wa kufunga. Pia aliniuliza: "Na vikwembe vyako vya sikukuu, viko wapi katika daftari?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Niliviandika. Daftari ya nyumba haiwezi kuwa na macho kwa baba tu.

Wengine kati yetu siku ya mpira inawaletea feza. Kwenu pia mapato si faida. Mama mmoja wa likelemba yetu aliuza karanga na maji karibu na uwanja, akarudi na 48.000, amejaa furaha. Tulikaa pamoja tukatoa: mali aliyonunua 30.000, usafiri 4.000, mahali pa kuuzia 1.000, vifuko 1.500. Faida ilibaki 11.500. Kama angegawanya ile 48.000 kwa watoto na likelemba, mechi iliyofuata angekopa mtaji. Sasa anafunga 30.000 katika kitambaa cha peke yake kabla hajafika nyumbani.

Kwa mkutano wetu unaokuja, ninawaomba kila mmoja aje na daftari. Andika siku moja ya mpira ya nyumba yako: kilichotoka chote, na kilichoingia kama unauza. Usiandike kwa kumshitaki baba. Keti naye, muandike pamoja, kisha muulizane maswali mawili: mara ngapi tunaweza, na safari hii nani anaenda? Na kama binti yako hajawahi kuona wanawake wakicheza, jina lake liandikwe la kwanza.