Mizani, Programu na Sahani ya Mama

Najua kuna wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo naomba niandike jambo jingine, maana limenichukua miezi sita na limenifundisha kusoma takwimu kuliko mradi wowote wa kazini.

Mimi ni mtu wa kukaa. Wanaoijua kazi hii wananielewa: saa tisa kitini, chai pembeni, chakula mbele ya kompyuta. Nyumbani ni Mji wa Kale, hapa Mombasa, ambako ukitoka mlangoni asubuhi unakutana na mahamri na mbaazi, alasiri viazi karai, usiku mishikaki. Mwaka jana nilikwenda kupimwa. Uzito kilo 95, urefu mita 1.75. Gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 31. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kikatoa asilimia 6.2. Ikifika 6.5 ni kisukari.

Kwa mwingine hizo ni namba tu. Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari. Vichochoro vyetu havikujengwa kwa viti vya magurudumu, basi kila siku ya kliniki tulikuwa tukimbeba mimi na ndugu yangu mpaka barabarani penye gari. Nilipoiona ile 6.2 nilikumbuka uzito wake mikononi mwangu.

Daktari hakunitisha. Alinipa malengo mawili: nipunguze asilimia 7 ya uzito, na nitembee dakika 150 kwa wiki. Nilipofika nyumbani nikatafuta namba hizo zimetoka wapi. Kumbe ni za utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watu 3,234 waliokuwa karibu na kisukari. Waliopewa malengo hayo walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale ambao hawakupewa tiba yenyewe. Waliopewa dawa ya metformin, asilimia 31. Kutembea na kula vizuri kumeishinda dawa!

Kwangu asilimia 7 ni kilo 6.65. Nikaandika lengo: kilo 88.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sisi waandika programu tuna ugonjwa wa haraka. Nikatengeneza kijiprogramu cha kunidai namba mpya kila asubuhi, nikajipa wiki nne. Asubuhi ndizi moja na chai ya rangi, mchana hakuna, usiku kipande cha samaki. Wiki ya kwanza nikashuka kilo 3.2. Nilijisifu kweli kweli! Sikujua kwamba sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na kama gramu 3 za maji. Ukiacha kula, akiba inaisha na maji yanaondoka. Mafuta bado yapo palepale. Wiki ya pili nikashuka kilo 0.4 tu, nikazidi kujinyima. Wiki ya tatu, nikiteremka kwenda kupanda feri ya Likoni, macho yakaingia giza. Muuza madafu mmoja ndiye aliyenishika na kunikalisha.

Jioni hiyo mama akanitazama muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, waumwa? Mbona wakonda hivi? Babako naye alianza hivi hivi."

Nilitaka kumjibu kwamba nimekusudia, kwamba ndilo agizo la daktari. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kukonda ghafla bila sababu ni moja ya dalili za kisukari: sukari inabaki kwenye damu, mwili unakosa nguvu, unaanza kujila wenyewe. Baba alipoanza kukonda, majirani walimpongeza. Mama hakusahau. Mimi nilikuwa naukimbia ugonjwa, na yeye alikuwa anauona ukirudi nyumbani kwake.

Nikarudi kwa daktari. Akanipa kasi ya kufuata: nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, si zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, ni nusu kilo kwa wiki, na ndivyo inavyokwenda mwanzoni. Kadiri unavyopungua, mwili unahitaji kidogo zaidi ya hapo na kasi inafifia. Akanionya pia nisimwige kila mtu wala nisiigwe: anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari anaweza kushuka sukari vibaya akijinyima, na mjamzito hapaswi kabisa kuanza mambo haya peke yake.

Kisha nikairekebisha programu. Hebu tazameni wiki yangu moja:

Jumatatu 92.4
Jumanne 93.1
Jumatano 92.0
Alhamisi 92.6
Ijumaa 92.2
Jumamosi 93.3
Jumapili 92.1

Kati ya Ijumaa na Jumamosi nimeongezeka kilo 1.1. Biriani ya Ijumaa hiyo! Lakini ili iwe mafuta, ningepaswa kula zaidi ya kalori 8,000 za ziada kwa siku moja. Haiwezekani. Ni chumvi na maji, na chakula ambacho hakijatoka. Programu yangu ya zamani ingeniadhibu kwa njaa Jumamosi nzima. Mpya hainionyeshi namba ya siku. Inajumlisha siku 7, inagawanya kwa 7. Wastani wa wiki hiyo ni 92.5, wa wiki iliyotangulia ulikuwa 93.0. Nusu kilo. Njia ni sahihi, endelea. Huhitaji kuandika programu, jedwali la kawaida latosha: pima asubuhi baada ya msalani, kabla ya chai, weka namba kwenye safu B, kisha andika =AVERAGE(B2:B8).

Kwenye chakula nilianza na sukari. Nilikuwa nakunywa vikombe 5 vya chai kwa siku, vijiko 3 kila kikombe. Vijiko 15, kila kimoja gramu 4, ni gramu 60. Shirika la Afya Duniani kwa mtu wa kalori 2,000 linasema isizidi kama gramu 50, na hapo sijagusa soda wala kaimati. Sasa nakunywa kahawa chungu, na kashata naipisha.

Mazoezi ni miguu tu. Baada ya alfajiri natoka Ndia Kuu, napita Fort Jesus na Treasury Square, nashika njia ya Mama Ngina mpaka jua lianze kuuma. Dakika 30, siku 5, ndizo zile 150. Jioni siendi huko, kwa sababu ya mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Najijua.

Palipokuwa pagumu ni sahani ya mama. Kukataa chakula chake ni kumwambia hanifai. Basi nikaacha kukataa, nikaomba. Mama, wali uwe kiganja changu, mchicha ujaze nusu ya sahani, samaki wa kupaka umpikie tui jepesi. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaniwekea sahani kama nilivyoomba, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Miezi sita imepita. Wastani wa wiki hii ni kilo 88.0. HbA1c ni 5.8. Bado si salama kabisa, maana salama ni chini ya 5.7, na katikati kulikuwa na wiki tano ambazo mstari haukusogea hata kidogo. Nimeandikiwa kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

Juzi nilimwonyesha mama grafu kwenye simu, ule mstari unaoteremka polepole. Akavaa miwani, akaitazama, akauliza, "Na huku mwisho, utaendelea kushuka?" Nikamwambia hapana mama, sasa nataka ulale.

Akanirudishia simu. "Haya. Njoo ule."