Herufi moja tu

Wasomaji wangu, nisameheni kwa kimya cha wiki tatu. Mdogo wangu wa kike alilazwa tena, na zamu ya kukesha wodini ilikuwa yangu. Ana selimundu, ile ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli. Kule kwetu karibu na Ziwa Victoria si ugonjwa mgeni.

Usiku wa pili aliniuliza, "Kaka, wewe si ulisoma mpaka chuo kikuu? Ni nini hasa kimeharibika ndani yangu?"

Nikamjibu kwamba damu yake ina shida. Akacheka. "Hilo hata mjomba analijua."

Basi alipolala nikafungua kompyuta, nikaanza kusoma.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Ziko aina 20, na kila moja ina tabia yake: kuna zinazopenda maji, na kuna zinazoyakimbia kama mafuta kwenye mchuzi. Mnyororo hujikunja, zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje. Umbo linalopatikana ndilo linaloamua kazi. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa, na miwili ya beta yenye asidi amino 146 kila mmoja.

Sasa tazama hitilafu. Kwenye beta, nafasi ya 6, panapaswa kuwa na asidi ya glutamiki, ambayo hupenda maji. Kwa mdogo wangu pana valini, inayoyakimbia, nayo imekaa nje kabisa. DNA ilipaswa kusoma GAG, inasoma GTG. Vernon Ingram aligundua tofauti hiyo ya asidi amino moja kule Cambridge mwaka 1956. Mimi niliwahi kupoteza siku tatu kwa kuandika = mahali pa ==, kwa hivyo sikushangaa sana.

Na hitilafu hii ni ya ile aina mbaya, inayopita majaribio yote. Oksijeni ikiwepo, kila kitu kinakwenda sawa. Himoglobini ikishaiachia oksijeni, umbo lake hubadilika, kishimo kidogo hujitokeza, na valini ya molekuli moja hujichomeka kwenye kishimo cha jirani yake. Zinashikana hadi kuwa nyuzi ndefu. Nyuzi zinaipinda seli kama mundu, seli zinaziba mishipa midogo. Hayo ndiyo maumivu. Mjomba husema msichana anajidekeza. Nilitamani angelala pale wodini usiku mmoja tu.

(Ukirithi nakala moja tu ya jeni hii, kama mimi, inakukinga kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alionyesha hivyo mwaka 1954. Ndiyo maana imeenea zaidi ziwani na pwani kuliko milimani.)

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Mama husimulia kwamba mtoto alizaliwa mzima, akaanza kuugua baada ya miezi kadhaa, majirani wakaanza kutafuta aliyemroga. Kumbe mtoto akiwa tumboni hutumia toleo jingine la himoglobini, lenye gama badala ya beta. Baada ya kuzaliwa, mwili huhamia beta polepole. Msimbo wa gama haufutwi, unazimwa tu! Na haidroksiyurea, dawa anayoandikiwa mdogo wangu kila mwezi, kwa wagonjwa wengi huiamsha gama kwa kiasi, na gama haiingii kwenye zile nyuzi.

Asubuhi nikamweleza yote, nikichora nyuma ya risiti ya dawa. Akatulia.

"Kumbe ndiyo kazi yake? Mimi niliacha tangu mwezi wa pili. Nilidhani ni ya maumivu, na sikuwa na maumivu."

Aliruhusiwa Jumatano, na daktari akamrudisha kwenye dawa. Siku hizi kila saa mbili usiku namtumia ujumbe: "Gama?"

Naye hujibu: "Nimemeza."