Fimbo Iliyo Mkononi Mwako

Hapa Nakuru ukitaja kondakta, watu wanatafuta nauli. Leo nakuletea mwingine, yule anayesimama mbele ya okestra na kafimbo mkononi.

Armand Diangienda wa Kinshasa alikuwa rubani, akapoteza kazi. Mwaka 1994 akaanzisha okestra katika kanisa la Kimbangu, babu yake. Hakuwa amesomea kuongoza okestra. Vyombo havikutosha, watu wakapokezana fidla. Waya ikikatika, walifunga waya ya breki ya baiskeli. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya Uingereza ikampa uanachama wa heshima.

Mimi nilipoachishwa kazi kwenye shamba la maua kule Naivasha, nilimficha mke wangu miezi mitatu. Kila asubuhi nilitoka na begi, nikakaa kando ya ziwa mpaka jioni. Siku niliyomwambia, alinyamaza kidogo, akauliza, "Na gitaa si bado lipo?" Nikaanza kufundisha vijana watatu wa kanisa. Huduma yangu ilianzia hapo.

Soma Kutoka 4. Mungu alimuuliza Musa ana nini mkononi. Ilikuwa fimbo ya kuchungia kondoo tu.

Wewe uliyepewa barua wiki hii, usikae kando ya ziwa. Waambie wa nyumbani kwako leo. Kisha fungua mkono, uangalie kilichobaki. Bwana ataanza na hicho.

Kama ni wewe, andika AMINA tukuombee.