Mrija wa Mtoto wa Dada Yangu

Dada yangu anaye binti wa miaka sita ambaye kichwani mwake umo mrija mwembamba. Alizaliwa na ugonjwa wa kichwa maji. Mrija huo huyaongoza maji ya ziada kutoka ubongoni, chini ya ngozi ya shingo, hadi tumboni. Ukiziba, mtoto aweza kufa kwa muda mfupi.

Mwaka uliopita wanafunzi wangu wanne wa darasa la ufundi waliniomba kazi ya kufanya pamoja. Niliwapa mrija huo wautengeneze uwe bora. Kwanza niliwasimulia habari za Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza, ambaye mwanawe aligongwa na gari mjini New York mwaka 1960, na mrija wake ukawa unaziba mara kwa mara. Dahl hakuwa fundi. Alimwendea Stanley Wade, aliyezoea kutengeneza vipampu vidogo vya ndege za kuchezea, na daktari Kenneth Till. Hao watatu wakabuni kilango chenye visahani viwili vya chuma, kisichoziba upesi. Kilipokuwa tayari mtoto wa Dahl hakukihitaji tena, lakini kiliwafaa maelfu ya watoto wengine.

Vijana wangu wakatafuta mipira safi ya kutilia wagonjwa maji mshipani, wakapitisha humo maji yaliyochanganywa na ute wa yai. Ukaziba. Wakapanua matundu, ukaziba tena. Walipoongeza matundu, maji yalipita siku mbili nzima, nami (nakiri) nikaanza kuota zawadi ya shule. Siku ya tatu ukaziba.

Hapo mmoja wao, mnyamavu kuliko wote, akaniuliza: «Mwalimu, mama wa mtoto atajuaje kwamba umeziba?»

Sikuwa nimelifikiri hilo. Wakaiacha mipira kwa juma moja, wakaandika karatasi yenye herufi kubwa: kuumwa kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida, usingoje kesho. Dada yangu akaibandika ukutani, karibu na kitanda.

Miezi mitatu baadaye mtoto alitapika alfajiri, akawa mzito kuamka. Zamani tungesema ni malaria, tukampa vidonge na kungoja. Dada aliitazama karatasi, akambeba mgongoni, akaenda. Jioni ile ile waganga wakambadilishia mrija.

Vijana hawajaacha kazi yao. Juzi wamenijia tena, wakiomba mayai sita.